Fedha Isiyokuwa na Fedha

Katika masoko ya Peru huuzwa hereni na bangili zing'aazo kama fedha, ziitwazo alpaka. Jina hilo lisitupotoshe: ndani yake hamna fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na shaba ndiyo nyingi.

Hapa hatuna budi kujiuliza. Peru ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuchimba fedha. Kwa nini mafundi wake watumie bandia? Jibu limo katika suala la nani anamiliki. Tangu miaka ya 1570 wakoloni wa Kihispania waliwapeleka wenyeji kwa shokoa katika migodi ya Potosí, ambayo leo imo Bolivia, na fedha ikavuka bahari. Hata sasa madini mengi ya Peru huuzwa nje yakiwa mchanga tu.

Fundi amebakiwa na mikono. Nyuzi za chambira, mti wa Amazon wa jamii ya mnazi, huchunwa kutoka majani machanga, zikaanikwa, zikasokotwa juu ya paja. Mlanguzi anayempunja kwa hoja kwamba madini yake ni rahisi anazinyonya saa hizo zote za kazi. Lakini fundi naye asiuze alpaka kwa jina la fedha; tena nikeli huwasha ngozi za baadhi ya watu, nao wana haki ya kuambiwa.