Mahali pa Wasanii Kukutania

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze, kwa faida ya wanafunzi na ya wazazi pia, jambo lililozungumzwa sana muhula huu: lile shauri la kulifanya ghala la zamani, lililo nyuma ya karakana ya useremala, liwe mahali pa kukutania wachoraji, wachongaji, watunga mashairi na wapiga ngoma wa shule yetu pamoja na wenzao wa vijiji vya jirani. Mkuu wa Shule amekubali kulitoa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha bila kazi ya kuonekana, litarudia kuwa chumba cha madawati mabovu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, wala sijui kuchora hata kuku. Lakini nimesoma habari za mahali pengi pa namna hii, na nimeona kwamba swali linaloulizwa na wengi, yaani "Ghala litatengenezwa na nani?", si swali la kwanza.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wakutane? Mchoraji huchora peke yake, na mtunga mashairi hutaka utulivu kuliko kelele. Ni kweli. Lakini rangi ni ghali, na kopo likifunguliwa lisipotumika hukauka. Mnunuzi naye hapendi kufunga safari kwenda kutazama picha moja. Tena mtu asiyeona kazi ya mwenzake hudhani kwamba yake imekwisha kukamilika. Hayo ndiyo yawaletayo wasanii pamoja. Mapenzi matupu ya kukaa pamoja hayadumu hata mwezi.

Tuanze Nigeria. Mwaka 1961, katika mji wa Ibadan, waandishi na wachoraji kadhaa walifungua klabu mahali palipokuwa mkahawa wa Mlebanoni, karibu na soko. Miongoni mwao walikuwa Wole Soyinka, Chinua Achebe, J. P. Clark, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, na Ulli Beier, Mjerumani aliyekuwa mwalimu huko. Waliiita Mbari, jina alilolipendekeza Achebe. Kwa Waigbo, mbari ni nyumba ya udongo iliyojazwa sanamu, ambayo watu wa kijiji waliijenga kwa ajili ya mungu wa ardhi. Ikiisha kufunguliwa waliiacha inyeshewe na kubomoka, maana kilichotakiwa ni ule ujenzi wenyewe, wala si kuitunza nyumba. Waliochagua jina hilo kwa klabu yao walijua walilolifanya. Hawakuketi na kuzungumza tu. Walionyesha picha, walicheza michezo ya kuigiza, na walipiga chapa vitabu vya mashairi ambavyo wakati ule si rahisi vingechapwa kwingineko. Vita ya Nigeria ilipoanza mwaka 1967 watu walitawanyika, na Okigbo mwenyewe aliuawa vitani mwaka huo huo. Klabu ilikuwa ya miaka michache, lakini vitabu vyake vyasomwa hata leo.

Katika mji wa Oshogbo, si mbali sana na Ibadan, mtunzi wa michezo Duro Ladipo aliona jambo hilo akalipenda, na mwaka 1962 akafungua klabu yake. Hapo ndipo ninapowaomba mtazame vizuri. Walipofanyiwa mafunzo ya uchoraji, waliokuja wengi hawakuwa wachoraji hata kidogo. Muraina Oyelami alikuwa mwigizaji katika kundi la Ladipo. Twins Seven Seven alikuja kwa kucheza ngoma. Jimoh Buraimoh alikuwa fundi wa taa za jukwaani. Baadaye akawa mashuhuri kwa picha zake za shanga. Kama wangeitwa wale tu waliokwisha kujulikana kuwa wanajua kuchora, fundi wa taa angebaki na nyaya zake.

Habari kama hiyo twayo hapa kwetu. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyekuwa akichonga vinyago, aliingia pale kwa kazi ya ulinzi. Akiwa pale alijifunza kuchora na kuchapa picha, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo ya duara wakaenda kuonyeshwa Marekani na Ulaya. Alifariki mwaka 2005, na katika nchi yetu ni wachache waliojulikana ng'ambo kama yeye. Kwa hiyo napinga kabisa wazo la baadhi ya walimu wenzangu, kwamba pawe na mtihani wa kuingia katika ghala letu. Mtihani tunao wa kutosha. Mlinzi wa shule akitaka kuja na kisu chake cha kuchongea, na aje. Na yule mama auzaye maandazi langoni, ambaye ukili wake wajulikana mpaka mjini, aletewe mkeka wa kukalia.

Sasa nije Oysterbay, ambako habari ni ndefu zaidi na yatuhusu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akafanya kazi za majumbani. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi zile za wachoraji wa Ulaya. Alitumia vibao vya mraba vya hadibodi, ile ya mafundi wa ujenzi, na rangi za kupakia baiskeli. Alichora ndege, chui, twiga na kiboko, mnyama mmoja akijaza kibao chote, kwa rangi zinazong'aa kama sufuria mpya. Picha ziliuzwa kwenye maduka ya Morogoro Stores, mahali ambapo wageni wengi walipita wakienda kununua mahitaji yao. Tazameni busara ya jambo hilo! Hakujenga nyumba ya maonyesho akangoja wateja. Alikwenda kukaa pale walipo.

Kazi ilipozidi aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao, wakajifunza kwa kuketi karibu naye na kufanya kama afanyavyo. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Matambwe, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Hapakuwa na darasa, wala ubao, wala cheti. Kopo la rangi lilikuwa katikati, na kila mmoja alimwona mwenzake alipokosea na alipopata.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Basi hapo yakaja maswali ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuyauliza mwalimu akiwa hai. Mtindo huu ni wa nani? Jina lake laweza kutumiwa na mtu asiyemfahamu? Mteja akija, nani aonyeshe picha yake kwanza? Wale vijana hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale, wakawafundisha wengine, na wale wengine wakawafundisha wengine tena. Lakini chama chao cha ushirika, kiitwacho Tingatinga Arts Cooperative Society, kiliundwa mwaka 1990, yaani miaka 18 baada ya kifo cha mwalimu. Miaka 18 ni mingi kwa watu kufanya kazi kwa kutegemeana tu na kuaminiana, na sisi wa ghala tumepewa mmoja.

Jambo lililowasumbua tangu zamani ni kuigana. Mgeni akimpenda chui mmoja, kesho yake wako chui kumi wanaofanana, na bei inashuka. Kuna waliowacheka kwa ajili hiyo. Mimi siwacheki, kwa sababu kuiga ndiko kulikowafundisha. Tena kutokana na kuiga huko wametoka wachoraji waliobadili mambo, wakachora soko zima, hospitali yenye wagonjwa na madaktari, harusi, na pwani yenye majahazi, kazi ambazo Tingatinga mwenyewe hakuziacha.

Elimo Njau alishika upande mwingine kabisa. Yeye alizaliwa mwaka ule ule wa 1932, lakini Marangu, chini ya Kilimanjaro. Akasoma Makerere, na mwaka 1959 akachora zile picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya. Mwaka 1965 yeye na wenzake, wachoraji na waandishi, walifungua Paa ya Paa mjini Nairobi. Jina hilo ni la mchezo wa maneno ambao Mswahili yeyote ataufurahia: paa ni mnyama, na paa ni kwenda juu; tena kila nyumba ina paa lake. Njau alifundisha kwamba kuigiza kazi ya mwingine ni kuua kipaji, akalisisitiza jambo hilo kuliko yote. Mwishoni mwa mwaka 1997 moto uliteketeza nyumba pamoja na picha na vitabu. Ungedhani huo ndio mwisho, lakini palitengenezwa na kazi ikaendelea. Tangu nisome habari hiyo sina hofu sana juu ya mabati yetu yanayovuja.

Je, sisi tumfuate nani? Nadhani anayeanza aruhusiwe kuiga, kama vile mtoto aigavyo mwandiko wa mwalimu, ila kazi ya kuigwa isiuzwe ghalani, na nyuma yake liandikwe jina la aliyeigwa. Wengine katika kamati hawakubaliani nami, na shauri hili halijakatwa.

La fedha ni gumu zaidi. Wengi mwakumbuka picha ya ukutani iliyochorwa kwenye hadibodi na wanafunzi wanne kwa ajili ya mahafali. Mgeni mmoja akainunua kwa Sh. 40,000. Mmoja alikuwa amebuni, wawili walipaka rangi, na wa nne alitoa kibao na kukipiga msasa. Waligawana sawasawa, na mpaka sasa wawili kati yao hawasalimiani. Si kwamba mgao ulikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba ulifanywa baada ya fedha kuonekana. Nimependekeza kwamba kazi yoyote ya mikono mingi iandikwe katika daftari kabla ya rangi kufunguliwa: nani na nani, na kila mmoja atapata nini ikiuzwa. Pia sehemu moja ya kumi ya kila mauzo ibaki ghalani kwa kununua rangi. Kopo la mwisho likiisha na hakuna wa kununua jingine, hata jengo la vioo halitatusaidia.

Kwa wazazi napenda kuongeza neno. Baadhi yenu mmeniambia waziwazi kwamba mnaogopa watoto wataacha vitabu. Ghala litafunguliwa Jumamosi baada ya saa nane na Jumapili alasiri, wala halitafunguliwa wakati wa mitihani. Mzazi aliye fundi, awe wa kushona, wa kufinyanga au wa kuchonga, akaribie. Tumewatengea benchi la upande wa dirishani ambako mwanga ni mzuri.

Kamati itakutana Jumamosi ya pili ya muhula ujao kuzipitisha kanuni. Daftari limekwisha kununuliwa, liko kwa karani. Walio na rangi iliyobaki baada ya kupaka milango au madirisha nyumbani wanaombwa kuileta, hata ikiwa robo kopo; ila tafadhali kifuniko kigongwe vizuri, maana mwenzetu mmoja alikuja nayo ndani ya basi na kondakta hajamsamehe.