Land Rover Kuukuu Yaweza Kuwa Bweni

Kitendawili! (Naamini mmeitikia "tega".) Natembea na nyumba yangu kokote niendako. Wengi wenu mtasema konokono, na mwalimu wa Kiswahili atawapa alama zenu zote. Mimi lakini jibu langu ni lingine, kwa hivyo nipeni mji. Mmenipa Nyamache? Ahsanteni. Jibu ni Land Rover iliyotengenezwa ikawa chumba cha kulala.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948 mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, ndiposa bodi yake ikaundwa kwa alumini. Hapa Kenya zilitumiwa na polisi, mabwana shamba na madaktari wa mifugo, na kwa miaka mingi ziliunganishwa Thika. Kiwanda cha Solihull kilitoa ile ya mwisho ya umbo la zamani mwaka wa 2016. Hata hivyo, nyingine zingali zinapanda milima yetu ya Gusii baada ya mvua ya alasiri, wakati udongo mwekundu unapoteleza kama sabuni. Nyingine, kusema kweli, zimekuwa vibanda vya kuku.

Wazo la kulala ndani yake si geni. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, Uingereza, iliuza Land Rover zilizoitwa Dormobile, ambazo paa lake liliinuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, likishikwa na turubai. Huku kwetu, mafundi wa Nairobi wamekata mapaa ya Land Cruiser nyingi ili watalii wasimame wakitazama simba. Kwa hivyo ujuzi tunao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usianze na kitanda! Anza kwa kulala chali chini ya gari. Bodi ni ya alumini lakini chesi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kutoka ndani. Igonge kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma: ikilia kwa sauti kali ni nzima, ikitoa sauti nzito au vumbi la kutu likidondoka, pesa za godoro zipeleke kwanza kwa mtu wa kuchomelea.

Land Rover ndefu ya zamani, ile iitwayo 109 kwa sababu ya inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina nafasi ya nyuma yenye urefu wa karibu sentimita 185. Mtu wa kadiri analala akanyooka. Upana ni kama sentimita 145, ila chini, katikati ya maboksi ya magurudumu, hupungua hadi 90 hivi. Basi kitanda hutandazwa juu ya maboksi hayo, na chini yake hubaki mahali pa sufuria, vifaa na maji. Ubao wa kitanda ukatwe vipande vitatu vyenye bawaba, mchana vikunjwe viwe viti. Ni hayo tu. Wanaotaka makabati, sinki na meza ya kuvuta wamesahau kwamba hii ni Land Rover, si nyumba ya mwalimu mkuu.

Nilimwuliza fundi mmoja wa jua kali hapa sokoni anaogopa nini zaidi katika kazi kama hii. Akacheka. "Kijana wangu, nyumba haipigi kona."

Alimaanisha uzito. Hebu tupige hesabu. Plaiwudi mbili za milimita 12 ni kilo 40. Maji jerikeni mbili, kilo 40 nyingine. Betri ya pili 30, gurudumu la akiba 30, jeki na spana 30, chakula na vyombo 20, godoro 10, na watu wawili 140. Jumla kilo 340, mzigo ambao gari hili linaubeba bila kulalamika. Taabu ni pale unapowekwa. Hema la kilo 60 likifungwa juu ya keria huinua kitovu cha uzito, na wale wa somo la fizikia wanajua matokeo yake kwenye mteremko wenye kona. Maji na betri zikae chini kabisa, karibu na katikati.

Tena, alumini ikigusana na bolti ya chuma mahali penye unyevu, alumini hulika ikawa unga mweupe. Weka mpira au rangi nzito katikati.

Hapa sasa naomba msome polepole. Sisi wa milimani tuna mazoea ya kuingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, husinzia, na pengine haamki tena. Nyumba ya udongo angalau ina upenyo chini ya paa. Nyuma ya Land Rover, milango ikishafungwa na mpira mpya wa kuzuia vumbi, mna hewa ya mita tatu za ujazo hivi. Jamani, hiyo ni kidogo sana! Toboa matundu mawili yenye wavu wa mbu, moja chini na lingine juu, kwani hewa yenye joto hupanda. Wala matundu hayo si ruhusa ya kuingiza jiko. Upishi wote uwe nje, na injini izimwe kabla ya kulala, maana moshi wa ekzosi hupenda kurudi kwa mlango wa nyuma. Baridi iondolewe kwa blanketi.

Betri ya pili ni ya taa, ili ile ya injini isikutupe asubuhi. Ya ampea-saa 100 ukiitumia nusu tu, ili isiharibike, itawasha taa ya wati 5 kwa saa 120. Usisahau fyuzi karibu na betri.

Aliyekata paa au kubadilisha umbo la gari aarifu NTSA, likaguliwe na kitabu cha gari kirekebishwe. Baada ya hapo, toka Nyamache ushike njia ya Kilgoris, upite Lolgorian, uteremke hadi lango la Oloololo la Maasai Mara. Ukifika, ulale penye kambi iliyoruhusiwa, na mlango wa nyuma uufungue kukishapambazuka, baada ya kuchungulia kama kuna nyati.