Jiwe Lililohama Mahali Pake

Siku nilipoteremka katika Bonde la Olduvai niliona kijiwe chenye makali, nikakiokota na kukitia mfukoni. Mzee aliyekuwa akituongoza hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Bwana, umekitoa wapi hasa?" Nikageuka nyuma, nisiweze kupaonyesha. "Basi," akasema, "umekipotezea umri wake."

Sikumwelewa mpaka aliponielekeza ukutani. Kuta za bonde hilo, zenye kimo cha mita 90 hivi mahali penye kina kirefu, zina matabaka. Chini ni mwamba mweusi wa volkano. Juu yake yamelala matabaka ya kijivu, na juu zaidi ukanda mwekundu unaoonekana toka mbali.

Miaka karibu milioni 2 iliyopita hapo palikuwa na ziwa la magadi. Vijito viliteremka na mchanga na tope, na maji yalipotulia tope likazama. Volkano za upande wa Ngorongoro zikatapika majivu, yakafunika mifupa na zana za mawe zilizoachwa ufukweni. Tope likaja juu ya majivu, na majivu juu ya tope, kwa miaka mingi mno. Uzito wa juu ukayakandamiza ya chini, na madini yaliyoyeyuka katika maji yakayashikamanisha kama saruji, hata tope likawa mwamba. Baadaye ardhi ya mashariki ilididimia. Mto ukapata mteremko, ukayakata matabaka hayo kama kisu kikatavyo mkate.

Ndiyo maana lililo chini ni kongwe kuliko lililo juu, maadamu ardhi haikupinduka. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua humo fuvu la Zinjanthropus. Mwaka 1961 wataalamu walitangaza kuwa lina miaka kama 1,750,000. Hawakulipima fuvu lenyewe. Walipima umri wa miamba ya volkano ya tabaka lile lile. Kama mpita njia angekuwa amelichukua fuvu akaliweka sebuleni, lingebaki mfupa usio na historia.

Nilikirudisha kijiwe changu chini. Mzee akatikisa kichwa: "Umekirudisha bondeni, lakini si mahali pake."

Ndugu msikilizaji, ukifika huko tazama, uliza, piga picha. Mikono irudi mitupu.