Buffalo Hakuna Umeme, Grafu Inapanda

Wengi wetu tunajilipia ada kwa vibarua vya kompyuta, basi hili linaweza kukufaa.

Mwaka 2006 nilikuwa kibarua wa mtandao kwenye kampuni moja mjini Columbus, yenye matawi Louisville na Buffalo. Laini za matawi yote mawili ziliingia kwenye swichi yetu kubwa. Programu ya MRTG, kazi ya Tobi Oetiker ya mwaka 1995, iliiuliza swichi kila dakika 5 ni baiti ngapi zimepita kila poti, kisha ikachora grafu.

Jumanne usiku, Oktoba 10, fundi alichomeka kadi mpya ya poti 8, swichi ikazimwa na kuwashwa. Kesho yake Louisville wakapiga simu: mfumo unajikokota. Nikatazama grafu yao, shwari. Nikawaambia, tena kwa kujiamini, tatizo ni kompyuta zenu. Alhamisi mama mmoja wa huko alinipigia mara 4, jibu likawa lilelile.

Ijumaa Buffalo iliamkia theluji nzito iliyoangusha miti na nyaya. Tawi letu halikuwa na umeme kabisa, lakini grafu ya Buffalo imejaa hadi juu! Nani anafanya kazi gizani?

Kumbe swichi haijui Louisville wala Buffalo. Inajua namba za poti, ziitwazo ifIndex, na MRTG usipoiambia vingine huuliza kwa namba hizo. Kanuni za SNMP zinaitaka swichi itunze namba mpaka itakapowashwa upya, basi. Baada ya hapo inaruhusiwa kuzigawa upya. Kadi ile ilisukuma namba 8 mbele. Louisville iliyokuwa 25 ikawa 33, na 33 ilikuwa namba ya Buffalo. Namba 25 ikaangukia poti ya printa. Siku 3 nzima nilikuwa nachunguza printa!

Ukitengeneza faili la MRTG kwa cfgmaker, weka --ifref=name ili poti itafutwe kwa jina. Swichi nyingi za Cisco pia zina amri ya kuhifadhi namba, snmp-server ifindex persist. Ila waya ukihamishiwa poti nyingine, jina halikusaidii. Hapo lazima maelezo ya poti yabadilishwe siku hiyohiyo.

Mtego mwingine ni kupandisha poti kutoka megabiti 100 hadi gigabiti. Kihesabio cha biti 32 hurudi sifuri kila baada ya baiti bilioni 4.29. Kwa megabiti 100 hiyo ni zaidi kidogo ya dakika 5 na nusu, unapona. Kwa gigabiti ni sekunde 34, na grafu inakuonyesha laini nyepesi wakati imejaa. Tumia vihesabio vya biti 64, ambavyo SNMP toleo la 1 haiwezi kuvisoma.

Siku hizi swichi ikiguswa tu, navuta faili kubwa kutoka kila tawi na kutazama ni grafu ipi inapanda.

Louisville walikuwa wanabanwa na nakala za seva zilizokuwa zikihamishwa mchana. Tukazipeleka usiku. Nilimpigia yule mama kumwomba radhi. Akaniuliza kama sasa anaweza kuiwasha tena ile kompyuta niliyomwambia mbovu.