Askari Aliyebadili Bunduki kwa Fimbo

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlio kambini na vituoni, leo twawapeleka mbali, hadi Visiwa vya Solomon katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini-mashariki ya Australia. Yaliyotukia huko yamhusu kila mtu aliyekabidhiwa silaha ili awalinde wananchi.

Visiwa hivyo hukaribia elfu moja, na wenyeji wake, ambao wengi ni Wamelanesia, husema lugha zipatazo 70. Wengi wao huishi vijijini kwa kulima magimbi na viazi vitamu, kwa kuvua samaki na kwa mazao ya minazi. Ardhi ni mali ya ukoo. Mtu wa lugha moja nawe huitwa wantok, naye hana budi kukupa chakula na mahali pa kulala. Desturi hiyo ni ngao ya mnyonge. Lakini chuki ikiingia, desturi hiyo hiyo huweza kuwagawa watu.

Misheni ya Melanesia ya Kanisa la Anglikana ilianza mwaka 1849. Baadaye merikebu za wageni zikawa zikiwachukua vijana, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Queensland. Mwaka 1871 Askofu John Coleridge Patteson aliuawa katika kisiwa cha Nukapu, na wengi waliamini kuwa hicho kilikuwa kisasi cha vijana walioibwa. Hata hivyo, wenyeji waliipokea dini ile wakaifanya kuwa yao wenyewe.

Miongoni mwao alikuwako Ini Kopuria, mzaliwa wa Guadalcanal, aliyekuwa askari polisi wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Mwaka 1924 aliumia mguu, na alipokuwa kitandani akajiuliza: vijiji vyote alivyovizuru ili kukamata watu, mbona asivirudie kwa habari njema? Mwaka 1925 aliweka nadhiri, akatoa ardhi yake ya Tabalia, na akaanzisha Udugu wa Melanesia. Mabruda wa Udugu huo huahidi ufukara, useja na utii, si kwa maisha yote bali kwa muda wa miaka kadhaa. Kisha mtu huweza kuendelea, au kurudi kijijini kuoa. Hutembea na fimbo, bila silaha, na hula wanachopewa na wanakijiji. Kijana wa kila kisiwa hupokewa.

Ndugu wasikilizaji, thamani ya jambo hilo ilionekana baada ya uhuru uliopatikana mwaka 1978. Watu wengi wa kisiwa cha Malaita walikuwa wamehamia Guadalcanal, ulipo mji mkuu wa Honiara, kutafuta kazi. Manung'uniko juu ya ardhi yakawaka moto mwaka 1998, na zaidi ya watu 20,000 wakafukuzwa makwao. Mwezi Juni 2000, kundi la wapiganaji wa Malaita, likisaidiwa na baadhi ya polisi wenyewe, liliteka ghala ya silaha na kumlazimisha Waziri Mkuu ajiuzulu. Tangu siku hiyo mwananchi angekimbilia kwa nani? Aliyevaa sare alikuwa amekwisha chagua upande.

Ndipo mabruda walipopiga kambi kati ya vizuizi vya pande mbili, wakawasihi wapiganaji, wakatafuta waliopotea na kubeba maiti. Baadaye walikusanya bunduki na kuzitupa katika kilindi cha bahari. Wapiganaji waliwakabidhi kwa sababu katika Udugu huo mtu wa Malaita na wa Guadalcanal walikula pamoja.

Malipo yake yalikuwa makubwa. Mapema mwaka 2003 Bruda Nathaniel Sado alikwenda pwani ya kusini ya Guadalcanal, kwa kiongozi wa wapiganaji Harold Keke, aliyekuwa amekataa mapatano, akauawa. Mwezi Aprili wenzake 6 walifuata kutafuta mwili wake, nao pia wakauawa. Habari hizo zilithibitishwa mwezi Agosti, na siku chache baadaye Keke alijisalimisha kwa kikosi cha nchi za Pasifiki kilichoongozwa na Australia. Mabruda 7 walizikwa Tabalia, katika ardhi aliyoitoa yule askari polisi wa zamani.

Kikosi kile cha kigeni kilibaki mpaka mwaka 2017, kwani polisi iliyopoteza imani ya wananchi haijengwi upya kwa siku moja. Bunduki huweza kutolewa ghalani kwa saa chache. Imani ya raia haitoki ghalani. Hupatikana pale raia anapomwona askari akija mlangoni kwake, naye haulizi askari huyo ni wa kabila gani.