Peters Mwingine: Mjerumani Aliyeandika Wanyama na Maneno ya Pwani Yetu

Ukitaja jina la Peters mbele ya mtu wa pwani aliyesoma historia, fikra yake itakwenda kwa Carl Peters, yule Mjerumani aliyewatia machifu saini katika mikataba ya ulaghai mwaka 1884, ambaye ndugu zetu wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Mimi nami nilidhani Peters ni huyo tu.

Kilichonitoa ujinga ni mnyama mdogo. Nilikuwa na mpwa wangu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, akakatiza sange mbele yetu, na pua yake ndefu kama mkonga mdogo. "Mjomba, panya!" akapiga kelele. Nikamwambia huyo si panya, ni sange, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na hata nguva wa baharini kuliko panya. Hakuniamini. Tuliporudi nyumbani nikatafuta jina la kitaalamu la sange wa vidole vinne ili nimthibitishie, nikakuta limeandikwa hivi: Petrodromus tetradactylus Peters, 1846.

Mwaka huo wa 1846 Carl Peters alikuwa hajazaliwa. Basi huyu ni nani?

Ni Wilhelm Peters. Alizaliwa mwaka 1815 kijiji cha Koldenbüttel, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari Copenhagen na Berlin, kisha akawa msaidizi wa Johannes Müller, bingwa wa elimu ya viungo vya mwili. Mwaka 1842, kwa msaada wa mfalme wa Prussia, alifunga safari ya kuja Msumbiji akipitia Angola. Alikaa huku miaka kadhaa, akitembea mwambao na kupanda mto Zambezi hadi Tete. Alifika pia Zanzibar, Komoro na Madagaska, na mwaka 1848 safari ile ilikuwa imekwisha.

Alirudi Berlin na shehena ya viumbe: wanyama, ndege, nyoka, vyura, samaki, wadudu na mimea. Kitabu cha safari hiyo kilianza kutoka mwaka 1852, na juzuu ya mwisho ikachapwa 1882. Hiyo ni miaka 30 ya kazi! Katikati ya hayo alikabidhiwa makumbusho ya wanyama ya Berlin, na chini ya mkono wake mkusanyo wa nyoka, mijusi na vyura wa hapo ulikua ukashindana na ule wa Paris na London. Alifariki Aprili 1883, mwaka mmoja kabla ya yule Peters wa mikataba kutia mguu pwani.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Samaki aina ya tilapia wa Zambezi, Oreochromis mossambicus, aliandikwa kwanza na Peters mwaka 1852. Katika karne iliyofuata samaki huyo alisambazwa Asia na Marekani kwa ufugaji, akalisha watu wengi, na kwingine akawa balaa kwa samaki wenyeji. Yule chura anayejenga kiota cha povu juu ya matawi, ili watoto wake wadondokee majini, naye ni Peters aliyempa jina la kitaalamu. Na njule mwekundu-mweusi wa misitu ya kusini mwa pwani yetu, wa Tanzania na Unguja, huitwa Rhynchocyon petersi kwa heshima yake.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Kanuni ya sayansi huweka jina la mtu aliyechapisha maelezo ya kwanza ya kiumbe. Mvuvi aliyetega wavu, mwindaji aliyejua tundu liko wapi, mpagazi aliyebeba mizigo, hao hawaingii katika jina. Sisemi kuwa Peters aliiba. Kazi aliifanya. Lakini mgeni hawezi kuingia pori la Zambezi akamjua kila kiumbe bila kuonyeshwa na wenyeji.

Na Peters hakuandika wanyama peke yao. Aliandika na maneno. Orodha zake za msamiati wa lugha za huku alipewa Wilhelm Bleek, yule mtaalamu aliyeeneza neno Bantu, naye akazichapisha London mwaka 1856. Humo mna maneno ya Sofala, Sena, Tete, Cabo Delgado na hata Nzwani kule Komoro. Leo mtu akitaka kujua watu wa sehemu hizo walisemaje zama hizo, hana budi kufungua daftari la mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali tunayo. Wavuvi wetu wazee wana majina ya samaki, ya pepo na ya miamba ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Waganga wanajua miti. Wazee wa kaya wanajua wanyama wa misitu yao. Lakini mpwa wangu, aliyezaliwa na kulelewa papa hapa, kila chenye mkia kinachokimbia kwake ni panya. Mzee mmoja akizikwa na majina yake, hatuna pa kuyafufulia.

Basi nilimnunulia daftari. Kila Ijumaa baada ya swala hukaa na babu yake barazani, akaandika majina kumi: jina, mnyama au samaki yukoje, anapatikana wapi, na nani aliyesema. Hilo la mwisho nimemsisitizia sana. La kwanza aliloandika ni sange, na mbele yake akaweka jina la babu yake.