Papa anatetemeka: kumuuguza mgonjwa wa Parkinson kwetu Annexe

Leo tuongee juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona kwenye parsele ya jirani ila hatukuupa jina lake. Mzee anaanza kutetemeka mkono mmoja, akiwa amekaa tu, hana kazi anayoifanya. Kidole gumba kinasugua cha shahada kama mtu anayehesabu feza. Mwaka unapita: hatua zinakuwa fupifupi, mkono mmoja hauchezi tena anapotembea, maandishi yanakuwa madogo, sauti inashuka, uso unakauka. Ukiwa Kalebuka, Luwowoshi ao Kasungami, neno la kwanza utakalosikia ni "balimuloga". Ao lile baya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ndiye mulozi: angalia macho yake, hayapepesi!

Hayapepesi kwa sababu ugonjwa unapunguza kupepesa, kama unavyopunguza kucheka na kumeza mate. Ni hivyo tu.

Unaitwa Parkinson, jina la James Parkinson, munganga wa London aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817, akitumia mifano ya watu sita. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi inayotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia amri ya mwendo ipite vizuri. Seli za pale zinakufa pole pole. Siku mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu ya hizo seli ao zaidi zimeshakwisha. Ugonjwa hauambukizi. Dawa ya kuuponya haipo, lakini dawa ya kumrudishia mtu mwendo wake ipo tangu miaka ya 1960, inaitwa levodopa. Na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo uuguzi wa nyumbani unafanya kazi kubwa kuliko tunavyofikiri.

Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Kule Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000 wakakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, na wengi hawakuwa wamewahi kumeza hata kidonge kimoja. Watu walisema ni uzee ao ni kulogwa. Maneno yale yale ya kwetu.

Kuna pia wanaouliza kama ni migodi. Manganezi inajulikana tangu mwaka 1837 kwamba vumbi lake likivutwa kwa wingi linaweza kuleta hali inayofanana na Parkinson, na hiyo haisikii levodopa vizuri. Kwa hiyo mzee aliyefanya kazi ya manganezi, tuseme kule Kisenge, aseme hivyo mbele ya daktari, asifiche.

Kwa daktari ni wapi? Lubumbashi kuna Cliniques Universitaires, kuna hospitali Sendwe, kuna Centre Joseph Guislain ya Mafrère wa Charité kwa magonjwa ya akili na ya ubongo. Kutoka mwisho wa Annexe ni moto, halafu taxi-bus, na mgonjwa anayeganda miguu hapandi taxi-bus kama wewe. Ndiyo maana safari moja lazima izae matunda. Chukua kaye ya shule, na kila siku andika saa aliyomeza kidonge, saa mwili ulipofunguka, saa ulipofunga tena. Daktari akisoma siku kumi za namna hiyo, atajua kama kipimo kibadilishwe. Ukimwambia "iko tu vile vile", umemwachia kubahatisha.

Saa ya dawa ni jambo la kwanza. Kama imeandikwa saa moja ya asubuhi, saa saba na saa moja ya jioni, ni hivyo, siyo "akimaliza kula" ao "mtoto akitoka masomo". Ikichelewa saa moja, mzee anaweza kushindwa kuinuka kwenye kiti. Ameze na maji nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya nyama, samaki na maharagi inagombania njia moja na levodopa. Bukari yenyewe haina shida. Usimnyime samaki, lakini sahani yenye samaki isikutane na kidonge. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma nazo zitenganishwe nacho. Na tafadhali, feza ikikosekana, usikate levodopa ghafla siku moja: mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, mtu akafa. Nenda kwa daktari kabla pakiti haijaisha.

Wengine wanasema upupu unatosha. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, siyo hadithi. Lakini mbegu ya mti huu na ya mti ule hazilingani nguvu, na ukichanganya na vidonge bila kupima, mzee atatapika, ataanguka kwa presha kushuka, ao atajipindapinda mwili mzima.

Sasa hili naomba mtu wa ISTM asilipite mbio. Kuna dawa za kila siku katika farmasi zetu ambazo zinafunga mlango ule ule dopamini inapoingilia. Metoklopramidi, ile ya kutapika ambayo wengi wanaijua kama Primperan, ni mojawapo. Haloperidoli, ya kutuliza wagonjwa wa akili, ni nyingine. Mgonjwa wa Parkinson akitapika, akadungwa ya kwanza, kesho yake anaweza kushindwa kutembea. Akianza kuona watu wasiokuwepo (dawa zake zenyewe zinaweza kuleta hayo, ao ugonjwa, ao hata homa ya mkojo), nyumbani watasema ni pepo, nabii ataitwa, na kituo cha afya kitamdunga ya pili. Kumbe hapo ni kupima kwanza kama kuna maambukizo, kisha daktari aangalie vidonge. Tena mtu mzima kabisa anaweza kuanza kutetemeka kwa sababu ya dawa hizo tu, na zikiondolewa na aliyeziandika, mara nyingi kutetemeka kunaisha pole pole. Kwa hiyo swali la kwanza la muuguzi: unameza nini nyumbani? Lete vyote tuone, hata vya sokoni.

Kumeza chakula ndiko kunakoua wengi, na ndiko tunakokosea kwa upendo. Mzee anakohoa, tunamwinua kichwa nyuma tunamwagia maji. Hapana! Kichwa kikirudi nyuma, njia ya hewa inafunguka, maji yanaingia mapafuni. Akae wima kabisa, miguu imekanyaga chini, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifua. Tonge dogo la bukari laini, limelowa na bamia ao sombe iliyotwangwa vizuri. Ameze, ameze tena bila tonge, ndipo lingine. Uji mzito unapita salama kuliko chai. Supu yenye mapande ni ngumu, maana maji yanakimbia na nyama inabaki. Karanga na mahindi ya kuchoma, aache. Akimaliza abaki amekaa nusu saa. Radio izimwe, maswali yangoje. Sikiliza sauti yake baada ya kunywa: ikiwa kama ina maji ndani, ao homa na kikohozi vinarudi kila wiki, chakula kinapita vibaya hata kama hakohoi mezani. Hiyo ni lupitalo, siyo kusubiri.

Miguu ikiganda mlangoni, usimvute mkono. Ukimvuta, kichwa kitatangulia na miguu itabaki. Mwambie asimame, apumue, ahamishe uzito huku na huku, halafu muhesabu wote: moja, mbili, moja, mbili. Ao mwimbie wimbo anaoujua wa kanisani. Wengine tumewaona wanaruka vizuri mstari wa chaki uliochorwa sakafuni, wakati sakafu tupu iliwashinda. Ubongo unapata njia nyingine. Mkeka na kamba za kuanikia nguo viondoke njiani. Choo kikiwa nje na SNEL imekata umeme, usiku kuwe na ndoo karibu na kitanda na taa ya jua. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili, kwa sababu presha yake inashuka akisimama ghafla.

Tumbo lake nalo linakwenda pole, mara nyingi tangu miaka mingi kabla ya kutetemeka. Papai, mboga, maji ya kutosha kama anameza vizuri. Siku nne bila choo, mwambie muuguzi. Tumbo lililofunga linachelewesha hata dawa.

Uso uliokauka haumaanishi hasira, na sauti ndogo haimaanishi kwamba akili imekwenda. Muulize, halafu ngoja. Hesabu mpaka kumi kabla ya kumjibia. Wagonjwa wengi wanaacha kuongea kwa sababu tu watoto wanawamalizia kila sentensi. Huzuni nayo ni sehemu ya ugonjwa huu, na inatibika. Kumwambia "jikaze, papa" hakuitibu.

Akifikia kulala kitandani, mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku. Mahali pekundu kwenye mgongo wa chini, kisigino ao nyonga pasisuguliwe na mafuta ya taa wala pombe. Paondolewe uzito tu, mto chini ya miguu, shuka kavu isiyo na makunyanzi. Pakiwa peusi ao pametoboka, ni kidonda cha kutibiwa.

Na nani atamgeuza saa nane ya usiku? Kwetu jibu linajulikana: msichana aliye nyumbani, yule wa mwaka wa pili Kasapa, ataambiwa asimame masomo kidogo, na ile "kidogo" inakuwa miaka mitano. Kakake wa Kolwezi anatuma feza ya vidonge, anasifiwa katika kikao cha familia. Feza tunashukuru, lakini haigeuzi mtu. Kikao kiandike zamu kwenye ile ile kaye ya dawa: nani usiku wa juma hili, nani wa kumpeleka lupitalo, nani wa kufua shuka. Wa Kolwezi akitaka, atafute mtu wa kulipwa usiku tatu kwa wiki, ao apande basi aje zamu yake ikifika, ajifunze kumlisha papa kidevu kikiwa chini.